Bega Kwanza: Jinsi Blauzi Inavyompendeza Mwanamke, kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Ushauri wa mavazi unaosambaa kwenye simu siku hizi huwagawa wanawake kwa majina ya matunda na vyombo. Huyu ni tofaa, yule ni pea, mwingine ni saa ya mchanga, na kila mmoja ameandikiwa blauzi yake: mwenye tumbo avae pana, mwenye nyonga asivae fupi, mwenye kifua kikubwa asifunge vifungo hadi shingoni. Mwanamke anayesoma hayo huku ameshika blauzi mkononi huishia kuukagua mwili wake kana kwamba ndio uliokosewa. Mimi nashikilia kwamba swali hilo limeanzia pasipo pake. Blauzi humpendeza mtu kwa mambo machache yanayoonekana kwa macho na kupimika kwa futi: inashika wapi mwilini, inaachia wapi, na pindo lake linaishia wapi. Anayeyajua hayo huchagua vizuri kwenye rundo lolote, awe mnene au mwembamba, mrefu au mfupi.

Mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili ni kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa kukusudia watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Wanawake hao walikuja na desturi zao za kuvaa, wakakuta desturi ya Malawi ya kujifunga chitenje juu ya nguo nyingine, na juu ya zote ikamwagika nguo ya mtumba, ambayo Malawi nzima huiita kaunjika. Kwa miaka mingi wakimbizi waliishi na kufanya biashara hata katika mitaa ya jiji, hadi Machi 2023 serikali ilipowaagiza warudi kambini, na Mei mwaka huohuo msako ukaanza Lilongwe. Kambini, na katika mitaa ya jiji kama Area 49, blauzi hutoka sehemu mbili: kwenye robota la kaunjika au kwa fundi cherehani. Ndiyo maana mwanamke wa huku analazimika kulitatua mwenyewe tatizo ambalo mahali pengine duka humtatulia, na katika kulitatua amejifunza mengi.

Kwanza tuyaondoe hayo majina ya matunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani walichambua vipimo vya wanawake zaidi ya 6,000 wakitafuta maumbo yao. Umbo la saa ya mchanga, ambalo ushauri mwingi huliweka kuwa shabaha ya kila mwanamke, walilikuta kwa asilimia 8 tu. Asilimia 46 walikuwa na umbo lililonyooka, kiuno kisichotofautiana sana na kifua wala nyonga. Ikiwa karibu nusu ya wanawake wana umbo moja na mmoja kati ya kila 12 au 13 ndiye mwenye umbo linaloitwa sawasawa, basi ushauri unaomtaka kila mtu ajifanye wa kundi hilo dogo unawafundisha wanawake wengi kujificha. Tena majina hayo hayasemi lolote kuhusu mabega, urefu wa kiwiliwili wala mgongo, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama blauzi itakaa au itakataa.

Halafu kuna hadithi ya namba iliyoandikwa kwenye lebo. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate viwango vya pamoja vya kukatia nguo. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliachwa nje ya hesabu. Kutokana na kazi hiyo vilitangazwa viwango mwaka 1958, na mwaka 1983 vikaondolewa, kila kampuni ikabaki na namba zake. Kwa hiyo blauzi yenye namba 12 inayotoka kwenye robota lililopita bandari ya Beira au Dar es Salaam ilikatwa kwa kufuata mwili ambao kampuni fulani iliuwazia, na blauzi ya pili yenye namba hiyohiyo ilikatwa kwa mwili mwingine. Mwanamke wa Dzaleka anayeivaa ikambana kifuani au ikamlegea kwapani hana kosa lolote. Wanunuzi wazoefu wa kaunjika, kama wenzao wa masoko ya mitumba ya Gikomba na Karume, hawaanzi na lebo. Huishika blauzi kwenye mabega, wakainyoosha, wakaiegemeza juu ya mabega yao.

Hapo ndipo penye siri, na wanaifuata hata wasioweza kuieleza. Blauzi huning'inia kutoka begani. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili ukikaa pale mfupa wa bega unapoishia, kitambaa chote cha chini hushuka kwa utulivu, kifua kikapata nafasi yake na mgongo ukanyooka. Mshono huo ukiteleza vidole viwili kuelekea mkononi, mabega huonekana yameanguka na kiwiliwili chote kikaonekana kipana kuliko kilivyo, hata kwa msichana mwembamba. Ukiingia ndani kuelekea shingoni, kitambaa huvutwa, kikatoa mikunjo inayokimbia kutoka kifuani hadi kwapani. Kwa sababu hiyo nguo pana sana, ambayo wengi huikimbilia wakidhani itaficha unene, mara nyingi huuongeza. Macho hayaoni tena bega wala kiuno, yanaona upana wa kitambaa tu.

Jirani ya bega kuna tundu la mkono, na hili halizungumzwi inavyostahili. Watu wengi huamini kwamba tundu pana linalofika mbavuni humpa mtu uhuru wa kusogea. Ukweli ni kinyume. Tundu likishuka sana, mkono ukiinuliwa huivuta blauzi nzima juu pamoja nao, kwa kuwa mkono na kiwiliwili vimeshonwa pamoja chini mno. Tundu linalokaa karibu na kwapa, bila kukata, huuacha mkono uinuke peke yake. Mtazame mwanamke anayeinua ndoo kutoka kisimani kwenda kichwani: kama tundu ni la chini, pindo la blauzi huchomoka kiunoni na tumbo huwa wazi, kisha mkono ulio huru hushuka kulirudisha. Akibeba ndoo 4 asubuhi moja, anafanya hivyo mara 4. Blauzi hiyo inaweza kuwa na rangi nzuri na lebo ya kifahari, lakini haitampendeza, kwa sababu kutwa nzima anashindana nayo.

Kifuani jambo kubwa ni mkunjo mdogo ulioshonwa kutoka ubavuni kuelekea titi, ambao mafundi wengi huuita dati. Kazi yake ni kukifanya kitambaa bapa kifuate kitu cha mviringo. Ncha yake inapaswa kuelekea kilele cha titi na kuishia sentimita 2 au 3 kabla ya kukifikia. Ikiwa juu mno au ikipitiliza, hutengeneza kijipembe ambacho jicho hukiona mara moja hata kama halijui ni nini. Kitenge hakinyumbuki, kwa hiyo blauzi ya kitenge isiyo na dati, ikivaliwa na mwanamke mwenye kifua kikubwa, ama itabana mbele ama italegea kila mahali pengine. Sidiria nayo ina sehemu yake kubwa kuliko tunavyokiri. Sidiria ya mtumba iliyolegea mkanda huuacha uzito wote kwenye kamba za mabegani, matiti yakashuka, na ile nafasi kati ya kifua na kiuno ikapotea. Matiti yakishikiliwa mahali pake nafasi hiyo hurudi, na blauzi ileile ya jana huonekana imeshonwa upya. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja, akiniuliza mimi, anunue sidiria inayomkaa kabla ya blauzi ya tatu.

Pindo ndilo lenye historia ndefu zaidi. Mwaka 1973 Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria ya mavazi ya heshima iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zinazoonyesha magoti, na sheria hiyo ilidumu hadi nchi ilipoingia mfumo wa vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 utawala wa Mobutu nao uliwazuia wanawake wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, kuvaa suruali kwa jina la kurudia uasili. Nusu ya chini ya vazi ikawa imeamuliwa na dola katika nchi zote mbili. Naona ndiyo maana wanawake wa kizazi hicho waliweka ubunifu wao wote juu ya kiuno. Hata baada ya sheria kufutwa, jambo halikuisha: Januari 2012 wanawake waliovaa suruali na sketi fupi walishambuliwa mitaani Lilongwe na miji mingine ya Malawi, wengine wakavuliwa nguo, mpaka Rais Bingu wa Mutharika akatangaza hadharani kwamba mwanamke ana haki ya kuvaa suruali. Wengi bado hujifunga chitenje juu ya suruali au sketi wakiwa njiani, na jambo hilo hubadili kabisa hesabu ya blauzi.

Fundo la chitenje hukaa ubavuni au mbele kidogo, likiwa nene kama ngumi. Blauzi inayobana nyonga ikishushwa juu ya fundo hilo huvimba upande mmoja. Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama blauzi ichomekewe kabla ya kufunga chitenje, ili kitambaa cha chitenje kiwe ndicho kinachochora kiuno, ama pindo liwe fupi, likiishia juu tu ya fundo. Blauzi ndefu za kaunjika, zilizokatwa ili zivaliwe juu ya suruali ya kubana, ndizo zinazosumbua zaidi, na ndizo nyingi. Kuchomekea upande wa mbele tu na kuliachia pindo la nyuma huwafaa wenye kiwiliwili kirefu, kwa kuwa kiuno huonekana kimepanda. Mwenye kiwiliwili kifupi akifanya hivyo hubakiwa na kipande kidogo mno kati ya kifua na kiuno, afadhali aiache blauzi nje, iishie juu ya mfupa wa nyonga.

Kanuni inayorudiwa sana husema pindo lisiishie mahali mwili ulipo mpana zaidi, kwa sababu mstari wa pindo huliita jicho. Hilo ni kweli, lakini halimlazimishi mtu kukimbia upana wake. Hapa vazi la Wakongomani linatufundisha kitu. Libaya ni blauzi inayovaliwa na vikwembe viwili, yaani vitambaa vya kujifunga. Kitenge cha yadi 6 hukatwa vipande 3 vya yadi 2, kimoja kikashonwa libaya, cha pili kikafungwa chini, na cha tatu kikazungushwa nyongani juu ya kile cha pili. Libaya hubanwa kiunoni, kisha hutanuka na kuishia palepale nyonga zinapokuwa pana. Anayeivaa ameikaribisha kanuni ile na kuigeuza: anataka nyonga zionekane, na amelitumia pindo kuzionyesha. Kwa kuwa chini pameongezwa kitambaa juu ya kitambaa, fundi hujaza mabega na mikono ya libaya, kwa mikunjo au mikono iliyotuna, ili juu pasizidiwe na chini. Kiuno kilicho katikati hujichora chenyewe, hata kwa mwanamke ambaye futi ingesema hana kiuno.

Umushanana wa Wanyarwanda na imvutano ya Warundi huenda njia nyingine. Nguo hizo hazikatwi kwa kufuata kifua cha mtu. Ni kitambaa kinachopita begani na kushuka kwa mshazari juu ya kitopu kinachokaa mwilini. Ule mshazari hukigawa kiwiliwili, jicho likafuata mstari mrefu kutoka begani hadi upande wa pili wa nyonga badala ya kukipima kutoka ubavu hadi ubavu. Mama mwenye umri wa miaka 60 na bintiye wa miaka 20 huvaa vazi hilo moja na kila mmoja likamkaa, kwa sababu linashika mahali pamoja tu. Katika tamasha la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na mshairi na mwanamuziki Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kama Menes la Plume, mavazi haya yote huonekana katika uwanja mmoja siku moja.

Kwa hiyo wale wanaopinga mazungumzo haya wakisema kwamba "kupendeza" ni jina lingine la kujikondesha, nawaelewa, maana ushauri mwingi wa mavazi ni huo tu. Lakini libaya haikushonwa kumfanya mtu aonekane mwembamba. Imeshonwa kumfanya aonekane amejaa na kupangika. Ufundi ni uleule wa bega, dati na pindo, na mwenye mwili ndiye anayeamua uelekee wapi. Hata imani kwamba mistari ya kulala hunenepesha haina mizizi tunayoidhania. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika mwaka 1867 kwamba mraba uliochorwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wa mistari ya kusimama, na mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa michoro ya wanawake wakapata jibu la kufanana na hilo. Mchoro si mtu anayetembea, wala sidai kwamba kila mstari wa kulala hupunguza. Ila hakuna sababu ya mwanamke kuirudisha rundoni blauzi nzuri ya mistari kwa hofu hiyo tu.

Kwenye kitenge, kubwa kuliko mistari ni mahali maua yanapoangukia. Vitenge vingi vina duara, ndege au jicho lenye upana wa kiganja na zaidi. Fundi akikata bila kupanga, duara moja hukaa juu ya titi moja na titi la pili likabaki na nusu ya mkia wa ndege. Fundi mzuri hukitandaza kitambaa chote kwanza, akatafuta ua litakalokaa katikati ya kifua au likapanda begani, ndipo anaposhika mkasi. Kazi hiyo hula kitambaa zaidi, na wakati mwingine kipande cha yadi 2 hakitoshi. Ni vyema mteja ajue hilo kabla ya kulalamika kwamba fundi amemwibia kitambaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Dzaleka ni mahali ambapo msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, ambapo mkimbizi haruhusiwi kwenda kutafuta kazi apendako, na wapo watakaosema ni anasa kuzungumzia mshono wa bega mbele ya mama asiyejua watoto watakula nini kesho. Naliheshimu pingamizi hilo, na bado nalikataa. Mwenye blauzi 20 anaweza kuvumilia 15 zisizomkaa, mwenye 3 hawezi. Kila blauzi anayoinunua ataivaa kanisani au msikitini, sokoni, kliniki na kwenye foleni ya ofisi inayoamua hatima yake, kwa hiyo kosa la kununua linamgharimu kuliko linavyomgharimu tajiri. Isitoshe, kambini ushonaji ni riziki. Kila blauzi inayopelekwa kupunguzwa ni kazi ya mtu fulani anayekanyaga cherehani barazani, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke mwenzake. Kumwambia mkimbizi kwamba sura yake haistahili kufikiriwa mpaka dhiki iishe ni kumnyang'anya kimojawapo cha vitu vichache ambavyo bado anaviamua mwenyewe.

Wengine watauliza kuhusu heshima: nguo inayokaa mwilini si ndiyo inayomfunua mwanamke? Waislamu na walokole wa Dzaleka wanalijali sana suala hili, na wana haki. Ila kukaa na kubana ni mambo mawili. Blauzi iliyozidi mabega hufunguka shingoni anapoinama kufua au kukoroga ugali, na kila aliye mbele yake huona hadi ndani. Ile inayokaa begani hubaki mahali pake. Blauzi inayobana kifuani nayo huacha matundu kati ya kifungo na kifungo. Kwa mama anayenyonyesha, vifungo vya mbele vilivyopangwa ili kimoja kiwe sawasawa na kilele cha kifua humpa faragha kuliko fulana pana anayolazimika kuipandisha yote. Anayebeba mtoto mgongoni ajaribu blauzi huku amejifunga kitambaa cha kubebea, maana kitambaa hicho hupita juu ya kifua na kuivuta shingo ya blauzi chini. Shingo iliyoonekana ya heshima mbele ya muuzaji yaweza kuwa nyingine kabisa mtoto akishapanda.

Kipi basi kinarekebishika? Ubavu uliolegea hupunguzwa kwa mishono miwili. Pindo hukatwa, mikono hufupishwa, dati huongezwa pale pasipokuwa nayo, na hizi zote ni kazi za muda mfupi kwa fundi wa barazani. Bega lililopitiliza ni kazi nyingine, kwa kuwa mkono wote lazima ufunguliwe na tundu lichongwe upya, na gharama yake inaweza kupita bei ya blauzi yenyewe. Tundu lililoshuka mno halina dawa, kwani kitambaa cha kulijazia hakipo. Bega lililobana nalo ni vivyo hivyo. Na kwa anayeshonesha kitenge kipya, kuliko kumpelekea fundi picha ya simuni ya mtu mwenye mwili tofauti, ampelekee ile blauzi yake kuukuu inayomkaa kuliko zote, avae siku hiyo sidiria atakayoivalia nguo hiyo, na kabla mikono haijashonwa moja kwa moja aombe ishikizwe kwa uzi mrefu, aivae, ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, ainame, kisha amwambie fundi palipovuta.